Tuliolima bonde la Mto Bubu, Kondoa hadi Bahi: tupeane uzoefu

Wakuu, wengi wakipita barabara ya Dodoma kwenda Singida wanaona vichaka na mibuyu, wanasema huku hakuna kitu. Shukeni Bahi mwezi wa tatu muone mpunga! Mvua yetu ni milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, haitoshi mpunga hata kidogo. Anayetulisha ni Bubu, anayeteremka kutoka Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi, yaani kinamasi, bila kufika bahari yoyote. Ndiyo maana kwetu tunauliza kwanza kama Kondoa imenyesha. Leteni ya kwenu.

Mama Majaruba (Bahi): Mto ukija usiku, harufu ya tope inatangulia. Asubuhi kila mtu na jembe lake, kukagua matuta. Tundu moja la panya likiachwa, kesho jaruba (kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa tuta) limekauka na maji yako yako kwa jirani. Ugomvi wa huku unaanzia hapo. Mpunga ukibeba ni zamu ya kweleakwelea, watoto shambani tangu alfajiri. Kazi ngumu, lakini nimesomesha kwa mpunga huu.

Mrangi wa Juu: Tope mnalolisifu ni udongo wetu wa Kondoa! Makorongo yalikula mashamba na malisho mpaka serikali ikaleta mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Babu alihamisha ng'ombe wake wote, na aliumia sana. Ila majani yalirudi, na mimi leo nalima pale palipokuwa pekundu tupu.

Kijana wa Mbugani: Nyongeza kwa wanaotaka kukodi. Maji ya mbuga hayana pa kutokea, yanakaushwa na jua na chumvi inabaki. Njoo kuangalia shamba Septemba, siyo Machi wakati kila mahali ni kijani. Ukikuta ukoko mweupe juu ya udongo, usitoe hela. Uliza pia maji yanaingilia wapi na nani yuko juu yako.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Mrangi, msalimie babu. Wa Chemba bado hamjasema, na ninyi ndio mko katikati ya Kondoa na Bahi. Bwawa la Farkwa limepangwa hapo hapo kwenye Bubu kwa ajili ya maji ya Jiji la Dodoma. Jiji lina kiu, silipingi. Ila nataka kusikia kwa walio karibu: mmeelezwa nini kuhusu maji yatakayoachiwa kushuka Bahi msimu wa kupandikiza?