Kikundi cha ukoo: usomaji wa Jumamosi

Dada Mkubwa (saa 1:05 jioni): Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo hamjambo. Nakumbusha kwa mara ya tatu kwamba Jumamosi tunasoma tamthilia ya mwandishi Mwingereza Robert Bolt, A Man for All Seasons, inayomhusu Thomas More na Mfalme Henry VIII wa Uingereza, na kila mmoja alete aya moja kuhusu maisha ya Bolt. Mpaka sasa nimepokea ya Mjomba peke yake.

Mjomba (saa 1:30): Marahaba, mwanangu. Niliandika kwamba alizaliwa mwaka 1924 huko Sale, karibu na Manchester, akawa mwalimu, na aliacha kufundisha baada ya tamthilia yake Flowering Cherry kupokewa vizuri London mwaka 1957.

Kaka Mdogo (saa 1:32): Mjomba, nawe umestaafu ualimu, basi tunaisubiri tamthilia yako!

Binti wa Shangazi (saa 1:33): Mimi naomba nafasi ya mfalme, kwa sababu sauti ninayo.

Dada Mkubwa (saa 1:50): Tafadhalini, utani tuuweke kando kidogo. Thomas More alikatwa kichwa mwaka 1535 kwa kukataa kiapo cha kumtambua mfalme kuwa mkuu wa Kanisa, na katika tamthilia anamwambia bintiye kwamba mtu anayeapa huwa ameishika nafsi yake mikononi kama maji, akiachanisha vidole hataipata tena. Mwaka 1961 Bolt mwenyewe alifungwa kwa kukataa kuahidi kwamba ataacha kushiriki maandamano ya kupinga silaha za nyuklia. Lakini mswada wake wa filamu ya Lawrence of Arabia ulikuwa haujakamilika, mtayarishaji Sam Spiegel akamfuata gerezani, naye akaitia sahihi ahadi ile ili atoke akaumalize. Aliijutia sahihi ile, na ndiyo maana nataka tusome kwa utulivu.

Kaka Mdogo (saa 1:58): Mimi simlaumu, maana kikosi kizima cha filamu kilikuwa kinamsubiri.

Binamu (saa 4:40 usiku): Samahani kwa kuchelewa. Aya yangu inamhusu Michael Wilson, Mmarekani aliyeandika rasimu za mwanzo za mswada huohuo, wakati Hollywood ilikuwa imemfungia milango kwa tuhuma za ukomunisti. Filamu ilipotoka mwaka 1962 ilitaja jina la Bolt peke yake, na la Wilson lilirejeshwa mwaka 1995, miaka 17 baada ya kifo chake. Mchezo wa arusi ya Kaka sijausahau.

Dada Mkubwa (saa 4:43): Lile tulilimaliza.

Binamu (saa 4:44): Ulilimaliza wewe, dada yangu.

Babu (saa 11:50 alfajiri): Nimeyasoma yote. Mchezo ule aliutunga mjukuu wangu huyu; nilimwona usiku na kalamu yake ya risasi, akifuta na kuandika tena, na siku ya siku jina lake halikusomwa. Jumamosi tutaanza na jina la Wilson na lake, ndipo tuje kwa Bolt.

Dada Mkubwa (saa 3:20 asubuhi): Nimekusikia, Babu. Binamu, uniwie radhi, nitakupigia leo.

Shangazi (saa 6:15 mchana): Ndiyo kwanza nafungua simu. Mimi nitaeleza Bolt alivyopatwa na kiharusi mwaka 1979, kikampooza na kumnyang'anya usemi, lakini akarudi kuandika, na mwaka 1986 filamu aliyoiandika, The Mission, ikashinda tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes. Ni Jumamosi hii au ijayo?

Dada Mkubwa (saa 6:20): Ni hii, Shangazi, Binamu akikubali kuja. Msomaji wa More bado hajapatikana.