Nyie mnaoandika kurasa za man, kistari chenu kimenikesha!

Bandugu, leo mniache niseme.

Jana usiku hapa Lubumbashi umeme umekatika saa mbili, na intaneti ikaenda nao. Seva ya ofisi inakula betri za akiba, data lazima zirudishwe kabla ya asubuhi, na msaada wangu pekee ni ukurasa wa man (mwongozo unaosomwa kwenye kompyuta yenyewe) wa programu tuliyouziwa. Waliotuuzia siwataji.

Nafungua SYNOPSIS, sehemu inayoonyesha amri inavyoandikwa. Kila neno limekolezwa wino, hakuna mabano hata moja. Sasa nitajuaje lipi naliandika lilivyo na lipi naweka la kwangu? Desturi hii ni ya zamani jamani: la kuandikwa lilivyo hukolezwa, la kubadilishwa huwa italiki (kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, hupigiwa mstari chini), la hiari huingia mabano ya mraba, la kurudiwa hufuatwa na nukta tatu. Mimi nimeandika neno "faili" lenyewe, herufi kwa herufi, kama mtoto wa shule.

Haya, hilo nimelimeza. Kilichonichoma ni kistari. Mwandishi kaweka - tupu kwenye chanzo (faili ghafi la ukurasa) badala ya \-, na groff 1.23, programu inayopanga kurasa hizi, inakichora kuwa U+2010, kistari cha vitabuni, si kile cha kibodi. Kwa macho ni mapacha. Nanakili --rudisha kutoka ukurasani, nabandika, programu inajibu haioni faili lenye jina hilo. Mara tano! Nikaanza kushuku diski. Mara ya sita nimeandika kwa vidole vyangu, ikakubali. Debian, watengenezaji wa toleo moja la Linux, waliliona balaa hili, wakakirudisha kistari cha kawaida kwao. Seva yetu si Debian.

Halafu FILES, sehemu inayotaja mafaili ya programu: "Mipangilio imo katika", kisha patupu. Nimefungua chanzo kwa zcat (inayosoma faili lililobanwa), kumbe .rudisha.conf imekaa mwanzoni mwa mstari. Nukta mwanzoni mwa mstari ni amri kwa groff, haiijui, inaimeza kimya. Wangetanguliza \& tu, alama isiyochapwa, basi. Au wangeendesha mandoc -T lint, inayokagua makosa ya kurasa hizi, kabla ya kutuletea bili.

Asubuhi nimewapigia, macho mekundu. Kijana wao ananijibu kwa upole kabisa: "Yaya, lakini si kuna video?"