Jukwaa linasema pesa za wanachama zimelipwa, kwenye M-PESA hakuna kitu

Kondele_Sindano: Wadau, habari za jioni. Ninasimamia ukurasa wa mafunzo ya ushonaji, wanachama wanalipia kila mwezi kwa dola. Jukwaa ninalotumia kukusanya malipo hayo linaonyesha “imelipwa” na pochi ya mtandaoni ina salio. Nikijaribu kuunganisha pochi na laini ya M-PESA ili nitoe, inakataa. Laini imesajiliwa kwa jina la mama yangu. Je, tatizo ni hilo, ama kuna kitu kingine cha kukagua?

Hesabu_Nakuru: Ni hilo. “Imelipwa” maana yake pesa zimetoka kwa jukwaa tu. Kuanzia hapo maswali yote ni ya pochi. Kama pochi yako ni PayPal, jina la akaunti lazima lilingane na jina lililosajiliwa M-PESA. Piga *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako, kisha utumie mojawapo ya hizo.

Usigeuze jina la pochi liwe la mama. Utaponya laini, uvunje kwingine: fomu ya kodi uliyojaza kwenye jukwaa ina jina lako, na ukiombwa kitambulisho huna cha kuonyesha. Wengi pia hukwama kwa kuandika jina la kazi au la duka pale panapotakiwa jina la kitambulisho. Rekebisha jina kwa kupakia kitambulisho, ukizingatia herufi moja moja. Kufungua akaunti nyingine ya pili ya kibinafsi ni kujitafutia taabu: PayPal huruhusu moja tu kwa mtu, na akaunti ikiwekewa vikwazo salio linaweza kuzuiliwa hadi siku 180.

Majina yakishakubaliana, angalia nafasi kwenye laini yenyewe. M-PESA haibebi zaidi ya Sh500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauvuki Sh250,000. Laini yenye 420,000 haiwezi kupokea 100,000 hata kama kila kitu kingine ni sawa. Toa kidogo kwanza, ikifika ndipo utoe zilizobaki. Kutoka PayPal inaweza kuchukua hadi siku tatu za kazi, kwa hiyo ukituma Ijumaa jioni usianze kulalamika Jumapili.

Kondele_Sindano: Asante sana, mkuu. Na je, wanachama wakinilipa moja kwa moja kwenye pochi bila jukwaa, si itakuwa haraka?

Hesabu_Nakuru: Mara nyingi ni kinyume. Muuzaji mpya anaweza kuzuiliwa malipo hadi siku 21, kwa sababu mnunuzi bado ana muda wa kulalamika. Weka maelezo ya huduma kwenye kila muamala na utunze ushahidi kwamba mwanachama aliingia darasani. Mtu akienda benki yake kudai kurudishiwa pesa za kadi, ushahidi huo ndio utetezi wako.

Posta_Kakamega: Niongeze kwa wanaotumia uanachama wa YouTube, maana kalenda yake ni tofauti kabisa. Salio likifika dola 10 hutumwa namba ya siri ya kuthibitisha anwani yako kwa barua ya posta, na malipo hayatoki kabla ya kufika dola 100. Hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, kisha benki nayo ina siku zake. Kwenye anwani andika sanduku la posta na msimbo sahihi: Kakamega 50100, Kisumu 40100, Nakuru 20100. Anwani ya “karibu na stendi” haifikishi barua. Namba isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa.

Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa 30%. Usipojaza, makato yanaweza kufika 24% ya mapato yote ya dunia nzima, hata ya watazamaji wa Bungoma.

Na kama una mpango wa kuhamia Substack, jukwaa la kuandikia wasomaji wanaojisajili, fahamu kwamba usajili wake wa kulipia hupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya mtandaoni, na Stripe haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Kenya. Utaandika bure hadi uchoke. Kagua njia ya kutoa pesa kabla ya kuhamisha hata mwanachama mmoja.