UPS inasema betri ilibaki na asilimia 64, mbona seva ilizima? Naomba msaada wa kusoma logi

kijana_wa_seva

Wakuu, habari za majukumu. Naomba mnisaidie kusoma logi ya UPS, yaani kile kifaa cha betri kinachoipa seva umeme ukikatika, maana kila nikiitazama naona haikubaliani na kilichotokea.

Nahudumia kompyuta za kituo kimoja cha afya wilayani Muheza. Tuna seva moja ya kumbukumbu za wagonjwa, iko kwenye UPS ya 1500VA yenye betri mbili za volti 12. Seva inatumia Linux, UPS inasimamiwa na programu ya NUT kupitia waya wa USB. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, seva ikazima ghafla, na ilipowaka jedwali la mahudhurio likagoma kufunguka. Nikarudisha bakapu ya jana yake, halafu mimi na dada wa mapokezi tukakesha na daftari kuingiza upya wagonjwa wa siku nzima. Kuna mama alikuja asubuhi kuchukua majibu ya mtoto wake, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka saa nane mchana. Lile benchi alilokaa nalipita kila siku. Sitaki jambo hili lijirudie.

Hii ndiyo logi. Nimetoa tarehe. Kuanzia kushoto ni saa, asilimia ya chaji, volti za umeme wa nje, asilimia ya mzigo, halafu hali:

164110 100 207.5 31 OL
164140 100 184.0 31 OL BOOST
164210 100 0.0 32 OB
164240 93 0.0 32 OB
164310 86 0.0 32 OB
164340 78 0.0 32 OB
164410 71 0.0 32 OB
164440 64 0.0 87 OB
182412 9 241.0 30 OL

Najua OL ni umeme wa nje upo, OB ni kwamba tuko kwenye betri. Kinachonichanganya ni hiki: mlinzi anasema umeme ulikatika inakaribia saa mbili usiku, lakini logi inasema 16:42, yaani saa kumi na dakika arobaini na mbili jioni. Muda huo nilikuwa ofisini na umeme ulikuwepo. Je, hili ni tukio jingine kabisa? Na kama ndilo lenyewe, seva ilizimaje chaji ikiwa 64? Kila Jumatatu UPS inajipima yenyewe na majibu ni kwamba imefaulu.

Nawasilisha.

FundiBetri

Badilisha betri mkuu. Hizo zimekufa.

kijana_wa_seva

Asante mkuu, lakini betri mbili ni pesa, na mganga mfawidhi lazima nimpe sababu inayoeleweka. Nikimwambia zimekufa atauliza nimejuaje wakati kioo kinaonyesha 100.

Dada_Neti

Kaka, tuanze na saa kwanza, vinginevyo utasoma tukio lisilo lako. Seva nyingi huwekwa kwenye UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. 16:42 ongeza tatu unapata 19:42. Hiyo kwa saa zetu ni saa mbili kasoro dakika kumi na nane usiku. Mlinzi wako yuko sahihi kabisa. Andika timedatectl kwenye seva uthibitishe, halafu weka Africa/Dar_es_Salaam ili siku nyingine usipige hesabu kichwani.

Na huo mstari wa mwisho kabla ya kuzima usiuchukulie kama ndio dakika ya kuzima. Logi inaandikwa na seva yenyewe kila baada ya sekunde 30. Seva ikifa, mwandishi naye amekufa. Kwa hiyo ilizima mahali fulani kati ya 16:44:40 na 16:45:10, na kilichotokea humo ndani hakuna aliyekiandika.

Sasa niambie: ukiandika last -x, amri inayoonyesha historia ya kuwaka na kuzima kwa seva, kuzimika kwa usiku ule kumeandikwa shutdown (kuzimwa kwa utaratibu) au crash (kukatika ghafla)?

kijana_wa_seva

Dada nashukuru sana, ni kweli iko UTC. Nimeangalia last -x, imeandika crash.

Dada_Neti

Basi NUT haikupata nafasi ya kuizima seva kwa utaratibu. Ingepata, ungeona hali ya LB, yaani betri imefika chini, kisha FSD, ambayo ni amri ya kuzima. Kwako vyote viwili havipo. Seva imenyang'anywa umeme ikiwa katikati ya kuandika, ndiyo maana jedwali likaharibika.

mzee_wa_mitambo

Vijana, mnazungumzia chaji na saa, mbona hakuna aliyeitazama safu ya mzigo? 32, 32, 32, 32, 32, halafu 87. Palepale logi inakatika. Mwanangu, saa 1:44 usiku kuna kitu kimewashwa kwenye hiyo UPS. Nenda kafuate waya mmoja mmoja kwa mkono, usikisie kwa macho.

kijana_wa_seva

Mzee wangu shikamoo. Nimerudi sasa hivi kutoka chumba cha seva. Nyuma ya kabati kuna ekstensheni nyeupe imechomekwa kwenye UPS, imepita chini ya mlango mpaka chumba cha maabara. Mwishoni kuna printa ya leza.

Nimemuuliza dada aliyekuwa zamu. Anasema umeme ulipokatika aliona taa ya printa bado inawaka, akashukuru Mungu, akachapa majibu ya mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali ya wilaya kwa rufaa. Karatasi ilitoka nusu. Hana kosa lolote, alikuwa anamhudumia mgonjwa.

mzee_wa_mitambo

Marahaba. Umefanya vema kutomlaumu. Printa ya leza ina kinu cha joto cha kuunguzia wino kwenye karatasi, na kikiwaka kinavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Haikai kwenye betri ya UPS hata siku moja. Ihamishie kwenye soketi ya ukutani leo hii.

Lakini FundiBetri naye hajakosea. UPS ya ukubwa huo ingebeba asilimia 87 kwa dakika kadhaa kama betri zingekuwa nzima. Printa imeusukuma ukuta uliokuwa umeshaoza. Tazama chaji inavyoshuka: kati ya pointi 7 na 8 kila nusu dakika kwa mzigo wa theluthi moja tu. Kwa mwendo huo hata bila printa ungekauka ndani ya dakika saba. Na ilipowaka tena saa 3:24 usiku ikaonyesha 9. Haikuwa imetumiwa na kitu chochote muda wote ule, sasa ile 64 ilikwenda wapi? Haikuwepo. Asilimia ni makisio ya UPS kutokana na betri inayodhani inayo. Volti ya betri ndiyo inayopimwa kweli, na kwenye logi yako haimo.

Fanya jaribio. Zima seva kwa utaratibu jioni wagonjwa wakiisha, ichomoe kabisa kwenye UPS. Weka mzigo usioharibika, kama balbu za zamani za wati 100, tatu. Unganisha laptopu kwa USB usome battery.voltage, kisha chomoa UPS ukutani na uandike volti kila dakika. Betri ya volti 12 ina seli sita, na kila seli ikishuka hadi karibu volti 1.75 imekwisha. Zako mbili zimefuatana, ni seli 12, kwa hiyo sakafu yako ni karibu volti 21.

kijana_wa_seva

Wakuu nimefanya. Balbu nimeazima kwa jirani anayelelea vifaranga.

Kabla ya kuchomoa: 27.3. Nilipochomoa tu: 22.7. Dakika moja: 22.0. Dakika mbili: 21.4. Muda mfupi baadaye UPS ikalia mlio mrefu na balbu zikazima zote tatu kwa pamoja. Kioo kilikuwa kinasema 61. Nimekipiga picha.

Nimefungua na mfuniko wa betri. Moja imevimba ubavuni, mpaka kuitoa nimeivuta kwa mikono miwili. Stika inaonyesha zina miaka minne.

FundiBetri

Miaka minne kwenye joto la Muheza zimejitahidi. Hizi betri za asidi zilizozibwa hutarajiwa miaka mitatu hadi mitano zikikaa kwenye nyuzi 25 hivi, na kila nyuzi 10 zikiongezeka umri unakatika karibu nusu. UPS yako iko wapi?

kijana_wa_seva

Ndani ya kabati la mbao, mlango umefungwa kwa kufuli.

FundiBetri

Itoe humo. Na nunua betri zote mbili kwa pamoja, za aina moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, ile kuukuu itaiua mpya. Hiyo iliyovimba usiitupe jalalani wala usimwachie mtoto achezee, kaa nayo mpaka umpate mnunuzi wa betri chakavu anayeeleweka.

Kuhusu kujipima kila Jumatatu: lile jaribio ni la sekunde chache tu. Mgonjwa wa moyo akisimama kitini utasema mzima. Mpandishe ngazi.

Dada_Neti

Mimi naongezea upande wa NUT. Usisubiri LB tena. Tumia upssched, kipima muda cha NUT: hali ikiwa OB, ianze kuhesabu dakika mbili, zikiisha izime seva. Umeme ukirudi kabla, hesabu ifutwe. Hivyo hutegemei asilimia kabisa. Na kwenye upslog, ile inayoandika logi, punguza muda uwe sekunde 5 badala ya 30, uongeze battery.voltage kwenye safu zake. Ungekuwa nayo usiku ule, ungeona volti inaporomoka printa ilipowaka.

Halafu ule mstari wa BOOST kabla ya kukatika usiupuuze. Volti 184 wakati tunatarajia 230, UPS ikawa inainua yenyewe. Hesabu kwa mwezi mzima inatokea mara ngapi. Kama ni kila jioni, peleka orodha hiyo kwa wahusika wa umeme, ina uzito kuliko maneno.

kijana_wa_seva

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu. Picha ya kioo kinachosema 61 huku balbu zimezima ndiyo iliyomshawishi mganga mfawidhi, hakuuliza swali la pili. Betri mpya zimefungwa. Nimerudia jaribio la balbu zilezile: zilipochomolewa 24.3, baada ya dakika kumi 23.8. Printa iko ukutani. UPS iko juu ya meza, dirishani pa upande wa kivulini.

Juzi umeme umekatika tena saa moja jioni. Logi imeonyesha OB, dakika mbili kamili, FSD, na last -x imeandika shutdown. Jedwali halikuguswa.

Limebaki jambo moja. Umeme ulirudi baada ya dakika tano, UPS ilikuwa bado hai, na seva ikabaki imezima mpaka nilipofika asubuhi kubonyeza kitufe.

Dada_Neti

Hongera kaka. Hiyo ni kwa sababu kwa upande wa seva umeme haukukatika kamwe, UPS iliendelea kuipa. Hakikisha mwishoni mwa kuzima NUT inaiamuru UPS ikate soketi zake. Kinachofanya kazi hiyo ni upsdrvctl shutdown, na mstari wa POWERDOWNFLAG lazima uwepo kwenye mipangilio ya NUT. Kisha ingia BIOS ya seva, yaani mipangilio yake ya msingi kabla Linux haijawaka, uiweke iwake yenyewe umeme ukirudi. Vyote viwili, kimoja peke yake hakitoshi.

kijana_wa_seva

POWERDOWNFLAG nimeikuta imewekewa alama ya kutosomwa. Nitaifungua Jumamosi mchana wagonjwa wakipungua, na BIOS siku hiyohiyo.