Kufunga tena ngitili ya ukoo: tufanyeje na majirani?

Mkulima_Kishapu:
Wakuu, habari za leo. Babu alituachia ekari kama 12 zilizokuwa ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ile kiangazi. Alipofariki kila mtu akachungia humo, sasa ni udongo mtupu na visiki. Baba wadogo wamekubali tufunge. Shida ni majirani: tukiwakatalia ng'ombe wao tutaonekana wachoyo. Hela ya seng'enge hatuna. Na miche, ninunue ya aina gani?

Mama_Ngitili:
Mwanangu, miche iache kwanza. Pita uinamie hivyo visiki. Vyenye machipukizi viko hai, na mizizi yake imeshafika chini. Acha machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine kata kwa panga kali, pogoa matawi ya chini, kisha funga kitambaa cha rangi ili mchungaji ajue mti una mwenyewe. Dodoma wanaita kisiki hai. Huo mche wa kununua, Agosti utaumwagilia maji gani?

Kazi iko kwa majirani. Nimekaa kwenye kamati ya ngitili kijijini kwetu, nakwambia seng'enge hailindi kitu kama watu hawajui ngitili inafunguliwa lini. Sisi tunafunga mvua zikianza. Tunafungua kiangazi kikikolea, mabua yakishaisha mashambani, tena kipande kwa kipande: ndama kwanza, wanaokamuliwa, na maksai wa kulimia. Jirani anayeheshimu mpaka anakata nyasi za kuezekea na kuokota kuni kavu. Huyo ndiye mlinzi wako. Ukimnyima vyote, ataswaga ng'ombe humo usiku.

Na inawezekana. HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana mkoani Shinyanga zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa 2004 zilishavuka hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa; ilifungwa na wenyewe, dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, ikipanga faini na sungusungu, walinzi wa jadi, wakisimamia.

Msomaji_Kahama:
Mama, faini siku hizi zinaishia mifukoni.

Mama_Ngitili:
Zinapotozwa kimyakimya, ndiyo. Kwetu faini inatajwa mbele ya mkutano, na mhasibu anasoma daftari kwa sauti. Inachosha, lakini wanaouliza sana ni akina mama, maana kuni ni zao.

Mpimaji:
Nyongeza: ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iandikwe kwa jina la ukoo. Sheria ndogo ipite halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, kisha halmashauri ya wilaya iidhinishe. Bila hiyo, mkaidi akienda mahakamani anawashinda.

Mkulima_Kishapu:
Asanteni sana. Mama, shikamoo. Kuna njia ya ng'ombe kwenda lambo inakatiza katikati ya eneo. Tuihamishe?

Mama_Ngitili:
Marahaba. Usiihamishe. Pimeni upana wake pamoja na wafugaji wenyewe, mpande ua wa minyaa pande zote mbili.