Ukoo wa Bi Mize: karatasi za Zuwena

Jumatano, 6 Agosti

Shangazi Salma, saa 1:10 usiku
Asalaam alaykum, watoto na wajukuu wa Bi Mize. Naandika kwa sababu siku zinakimbia. Zuwena ametakiwa awepo skuli Maskati Jumapili ya tarehe 24, na leo ni tarehe 6, kwa hiyo zimebaki siku 18. Mkataba wa miaka 2 wa kufundisha hesabu na fizikia ameshautia saini tangu Juni, na kilichobaki ni viza tu. Naomba mambo 3 yaamuliwe usiku huu: mchango wa tiketi, ambao nimeukadiria shilingi 50,000 kwa kila mtu mzima, kisomo cha dua Jumamosi ya tarehe 16, na barua yake ya kuacha kazi serikalini, ambayo nataka ipelekwe kesho. Kila mmoja ajibu.

Shangazi Salma, saa 1:50 usiku
Naona watu 19 wameshasoma na hakuna aliyejibu. Mtoto ni wetu sote.

Zuwena, saa 2:05 usiku
Wa alaykum salaam, Shangazi. Nakushukuru kwa kunisimamia. Naomba nieleze karatasi zilipofika ili tusilitangulie jambo lenyewe. Msimamizi wa skuli ameniandikia leo kwamba jina lililomo kwenye cheti changu cha kidato cha nne na cha shahada ni Zuwena Juma Hamad, na lililomo kwenye pasipoti ni Zuwena Juma Hamadi. Ni herufi moja, lakini amesema hawezi kuyapeleka maombi mbele mpaka nilete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Viza bado haijaombwa.

Khamis, saa 2:09 usiku
Fomu ya pasipoti niliijaza mimi dukani kwangu, na hiyo herufi ni yangu. Nisamehe, dada. Babu tulikuwa tukimwita Hamadi siku zote, sikufikiri kutazama cheti.

Zuwena, saa 2:11 usiku
Nimekusamehe, Khamis. Mimi mwenyewe niliisoma fomu ile kabla ya kutia saini na sikuiona.

Shangazi Salma, saa 2:14 usiku
Basi kiapo ni kazi ya asubuhi moja. Mambo yangu 3 yako palepale.

Asha (Maskati), saa 2:40 usiku
Shangazi, nimeishi huku miaka 11, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua. Mkataba uliotiwa saini si viza. Mwenye skuli hupeleka sifa za mwalimu Wizara ya Elimu ya huku zikubaliwe, huomba kibali cha kuajiri mgeni Wizara ya Kazi, na kibali kikishatoka ndipo viza inapoombwa kwa Polisi ya Kifalme ya Oman. Hatua moja ikikwama, inayofuata haianzi, na zote zinalisoma jina la pasipoti. Hata akishafika atapimwa afya na kuchukuliwa alama za vidole ndipo apewe bataka, yaani kadi ya ukaazi, ambayo bila hiyo hata nyumba ni taabu kuipanga kwa jina lake.

Jingine ni hili. Huku ofisi hufungwa Ijumaa na Jumamosi, na kwenu hufungwa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo pande zote mbili huwa wazi pamoja siku 4 tu, Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa ya wiki hii ni Nane Nane. Kiapo kisipopatikana kesho, basi tena mpaka Jumatatu ya tarehe 11.

Khamis, saa 2:46 usiku
Dada Asha, siku akifika mpokee uwanjani na halua ya Maskati, aionje, kisha atuambie kwa haki kama inaifikia ya Wete.

Fatma, saa 2:47 usiku
Halua ya Wete haina mfano. Mimi nilikula ya huko kwenye harusi ya Asha na nilimwambia palepale.

Asha (Maskati), saa 2:49 usiku
Fatma, ulikula sahani mbili.

Bakari, saa 2:50 usiku
Tatu. Nilikaa karibu naye.

Zuwena, saa 2:58 usiku
Jamani, naomba turudi kwenye kiapo. Nimempata wakili wa Vuga atakayenipokea kesho, lakini ametaka nifuatane na mtu mzima wa upande wa baba anayelijua jina la babu kama lilivyoandikwa zamani. Baba hayupo, Mungu amrehemu, na aliyebaki ni Ami Haroub. Ami, nimekupigia simu mara mbili. Naomba, ukiweza, tukutane hapo saa 3 asubuhi.

Fatma, saa 3:15 usiku
Kwa nini asiende kwa viza ya matembezi, awahi tarehe 24, karatasi nyingine zikamilishwe akiwa hukohuko? Kuna wakala anawasafirisha watu kwa njia hiyo.

Asha (Maskati), saa 3:22 usiku
Hapana, Fatma. Mwisho wa Oktoba 2023 Polisi ya Kifalme ilisimamisha kubadilisha viza ya matembezi kuwa ya kazi kwa mtu aliyekwisha kuingia nchini. Mtu hutakiwa atoke, kisha aingie upya kwa viza ya kazi. Na mwalimu akikutwa darasani na viza ya matembezi, lawama haimpati mwenye skuli peke yake. Khamis analijua jambo hili kuliko sisi sote.

Khamis, saa 3:30 usiku
Ninalijua.

Shangazi Salma, saa 3:41 usiku
Yaliyopita tuyaache. Nimeuliza mambo 3 na mpaka sasa nimejibiwa halua. Tiketi ya leo ni shilingi 1,150,000 na kesho itapanda. Mchele wa kisomo nimeshaununua, kilo 50.

Alhamisi, 7 Agosti

Zuwena, saa 3:25 asubuhi
Nipo nje ya ofisi ya wakili. Ami Haroub hajafika na simu yake inaita tu. Kuna anayeweza kupita nyumbani kwake?

Shangazi Salma, saa 3:31 asubuhi
Kaka Haroub, mtoto anakungoja juani. Jibu.

Ami Haroub, saa 4:10 asubuhi
Nimeyasoma yote tangu jana usiku. Sikujibu kwa sababu sikutaka kuandika nikiwa na hasira, lakini Salma ametaja tiketi, mchango na kisomo kwa mpango uleule wa mwaka 2016, na mimi siwezi kujifanya nimesahau. Mwaka ule niliambiwa hivihivi kwamba siku zinakimbia. Niliiuza Vespa yangu shilingi 900,000 ili Khamis aende, na mama yetu akatoa bangili zake mbili za dhahabu. Wakala akachukua fedha, akampa mtoto viza ya matembezi, na Khamis akarudi baada ya wiki 5 bila kazi. Khamis simlaumu, alikuwa kijana wa miaka 22. Ninachokiuliza mwaka wa 9 sasa ni lile daftari la mchango. Halijawahi kusomwa mbele yetu. Mama amekufa bila kujua bangili zake ziliuzwa bei gani.

Shangazi Salma, saa 4:18 asubuhi
Daftari ninalo. Lipo kwenye sanduku langu na lina kila senti. Sikulisoma kwa sababu kila nilipotaka kulisoma mtu alikuwa akilia, na baadaye niliona haya. Bangili ziliuzwa shilingi 740,000 na zote zilikwenda kwa wakala. Mimi nilikwenda peke yangu Dar es Salaam mara 3 kumtafuta mtu yule, na mara ya tatu nilikuta duka lake limekuwa la kuuza simu. Hilo sikuwahi kulisema hapa.

Khamis, saa 4:20 asubuhi
Shangazi, hata mimi hukuniambia.

Zuwena, saa 4:34 asubuhi
Wakili amesema ataondoka saa 8 mchana na hatarudi mpaka Jumatatu. Nawaombeni.

Bakari, saa 6:05 mchana
Nipo kwa Babu Maalim. Nimemsomea mazungumzo yote tangu jana naye ameniamuru niandike maneno yake bila kupunguza. Haya ndiyo maneno yake:

“Salma, na wewe Haroub. Mimi nilikwenda Oman kufundisha mwaka 1975. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, skuli zilikuwa 3 nchi nzima, na kwa hiyo miaka ile walimu walikuwa wakitakiwa kama maji ya kunywa. Hata hivyo sikuingia mpaka barua ya kutopingwa, yaani ruhusa ya kuingia nchini, ilipotoka. Niliingojea Dubai miezi 7, nikilala juu ya magunia ya mchele nyuma ya duka la jamaa yetu, na kila asubuhi nikienda kuuliza kama imefika. Magunia niliyazoea. Nisichokizoea ni kwamba kazi yangu ya huku nilikuwa nimeiacha, kwa barua niliyoiandika kwa furaha na kwa mwandiko mzuri, na sikuwa na pa kurudi.

Zuwena asiandike barua ya kuacha kazi. Aombe likizo bila malipo, na asipopewa aendelee kufundisha mpaka viza aishike mkononi. Tiketi isikatwe. Kisomo husomewa msafiri, na sisi bado hatuna msafiri. Haroub, vaa kanzu yako umfuate mtoto wa ndugu yako. Habari za Vespa na daftari mtanijia nazo hapa kwangu nyote wawili, na daftari lenyewe lije.”

Ami Haroub, saa 6:31 mchana
Nimesikia, Mjomba. Nimo njiani.

Zuwena, saa 9:20 alasiri
Alhamdulillahi, kiapo kimeapwa. Ami alifika saa 7 kasorobo, amekuja na cheti cha ndoa cha babu kilichokunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, na jina la Hamad limo humo bila ile herufi ya mwisho. Wakili aliponisomea, “mimi Zuwena Juma Hamad ndiye pia Zuwena Juma Hamadi,” Ami aliishika karatasi akaifuata kwa kidole neno kwa neno mpaka mwisho, kisha akairudia tena. Hati ni ukurasa mmoja, ina muhuri na saini. Nimeipiga picha na kuituma skuli. Hata hivyo skuli wanataka na muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje juu yake, na tulipotoka kwa wakili saa za kupokea karatasi zilikuwa zimekwisha. Hilo ni la Jumatatu. Cheti cha shahada kimeshapigwa muhuri huo, bado kinangoja wa ubalozi wa Oman, Dar es Salaam, na nataka nivipeleke vyote viwili kwa safari moja ya boti.

Asha (Maskati), saa 9:48 alasiri
Jumapili huku ni siku ya kazi, ninyi mkiwa mmepumzika. Nitaichapisha hiyo picha ya kiapo nikampelekee msimamizi mkononi, nimuulize mambo mawili: kama anaweza kuanza maombi kwa nakala wakati asili inangoja muhuri, na kama tarehe 24 inaweza kusogezwa. La kwanza nina matumaini nalo. La pili siwezi kuahidi, kwa sababu wanafunzi wanarudi mwisho wa mwezi na skuli lazima iwe na mwalimu wa hesabu darasani. Zuwena, muulize wewe mwenyewe kwa barua leo hii, kwa adabu lakini waziwazi, kwamba viza ikichelewa nafasi yako wataishika mpaka lini. Jibu lije kwa maandishi.

Zuwena, saa 9:55 alasiri
Nimeandika. Na fomu ya likizo bila malipo nimeshaichukua kwa mwalimu mkuu. Ameniambia hana uwezo wa kuniahidi, ila ataipitisha.

Shangazi Salma, saa 10:30 jioni
Neno la Mjomba Maalim silivunji, tiketi haitakatwa. Lakini nataka nieleweke. Ninaharakisha kwa sababu niliona mlango ukifungwa mbele ya Khamis, na sikutaka ufungwe na mbele ya huyu. Fedha zilizokwisha kutumwa ni shilingi 210,000 kutoka kwa watu 5, ambao majina yao nitayaandika hapa usiku, na kila mwisho wa siku nitaandika kilichoingia. Mchele kilo 50 upo kwangu na mwenye duka haupokei tena.

Ami Haroub, saa 10:52 jioni
Majina na fedha yaandikwe. Mimi mchango wangu sitautuma mpaka daftari la zamani lisomwe kwa Mjomba, lakini nauli ya boti ya Zuwena Jumatatu na kurudi ni juu yangu.

Mama Zuwena, saa 12:15 jioni
Nimesoma tangu jana. Mimi ndiye niliyemzaa na hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Nataka mwanangu aende. Nilimsomesha kwa kuuza vitumbua na nilijua siku moja atavuka. Lakini nataka aingie kwa mlango, jina lake likiwa limeandikwa sawasawa, hata ikiwa ni mwakani. Na kisomo, siku kitakapokuwa, kitakuwa nyumbani kwangu.

Shangazi Salma, saa 12:19 jioni
Wifi, kisomo nilishawaambia watu kwamba ni kwangu.

Khamis, saa 1:02 usiku
Jumatatu nitampeleka Zuwena bandarini mimi. Pasipoti na vyeti nitavikagua herufi kwa herufi kabla hajapanda boti.

Fatma, saa 3:37 usiku
Samahanini, nilikuwa kazini. Nimetuma shilingi 30,000, nyingine mwisho wa mwezi. Kisomo ni tarehe 16 au kimeahirishwa, na ni kwa nani? Nauliza kwa sababu masinia makubwa yapo kwangu na kuna watu wa Fuoni wanayataka siku hiyohiyo.