Naomba ushauri: msomaji amekiponda kijarida chetu, nichapishe barua yake ?

MwanaMirihi
Habari za jioni wanajamvi. Tuna kijarida cha bunilizi za kisayansi, jina nalihifadhi. Tunakitoa wenyewe kwa fotokopi, hakuna mfadhili. Ni kurasa 22, karatasi za A4 zilizokunjwa kati, pini mbili mgongoni. Toleo la nne liko mezani, nakala 120, kopi shilingi 100 kwa upande.

Tatizo ni ukurasa wa barua. Msomaji mmoja wa Tanga ametuma barua kuhusu toleo la tatu, karatasi mbili za daftari, kwa kalamu. Nanukuu kipande:

"Ukurasa wa 9 nahodha yuko Mirihi, anampigia mkewe, na mke anamjibu hapohapo kama yuko chumba cha pili. Mhariri ulikuwa umelala ? Hata Mirihi ikiwa karibu nasi kabisa, mawimbi ya redio yanachukua dakika tatu kufika. Ikiwa upande wa pili wa Jua ni zaidi ya ishirini. Mume akisema hujambo, jibu litamkuta chai imeshapoa !"

Je, niichapishe ? Na naruhusiwa kuipunguza kiasi gani ? Aliyeandika hadithi ile ni kijana, naogopa atakata tamaa. Matusi hapana, tafadhali !

Kahawa Chungu
Siti ya mbele. Kashata ninayo.

Sanduku la Posta
Chapa. Barua yenye namba ya ukurasa na sababu ni mali, "hongereni kwa kazi nzuri" ndiyo ya kutupa.

Ukikata, weka nukta tatu ndani ya mabano ya mraba pale ulipokata. Usikate katikati ya hoja. Toa aya nzima au iache. Tahajia sahihisha kimya kimya, hoja usiguse. Jibu lako weka ndani ya mabano mawili mawili, ((hivi)), ndiyo desturi ya vijarida vya mashabiki tangu zamani, msomaji anajua hapa sauti imebadilika. Na usijibu kila sentensi. Ukifika robo ya urefu wa barua, nyamaza.

Kabla ya yote mwulize mwenye barua: atajwe jina kamili, au jina moja na mji? Kuna sehemu yoyote aliyotaka ibaki kati yenu? Namba ya simu usiweke hata akikubali. Amazing Stories, jarida la bunilizi za kisayansi la Hugo Gernsback huko Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920 lilichapa barua pamoja na anwani, ndivyo mashabiki walivyoanza kuandikiana wao kwa wao, na Mei 1930 kijarida The Comet kikatoka Chicago. Lakini zile zilikuwa anwani za posta. Leo ukimwaga namba ya dada wa watu ataamkia "mambo mrembo" mpaka abadilishe laini. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usisahau.

Gundi na Wino
Kopi shilingi 100 unaibiwa. Wazee wa fani walitumia hektografu: sahani ya jelatini na gliserini, unaandika kwa wino wa zambarau, unalaza karatasi juu ya jeli wino unazama, kisha unabandika karatasi tupu moja moja na kubandua. Nakala kama hamsini hivi, halafu rangi inafifia.

Kahawa Chungu
Jeli? Dar, mwezi wa pili? Itakunywewa kwa mrija.

Gundi na Wino
Ndiyo maana unaongeza jelatini na kufanya kazi alfajiri. Ikilegea inanyofoka na karatasi.

Bi Robo A4
Jamani, kaulizia barua. Mkuu, shida yako si barua kali, shida ni kwamba unasubiri barua zije zenyewe. Ndani ya kila nakala weka kikaratasi cha robo A4. Upande mmoja wa A4 unatoa vinne, kwa hiyo nakala 120 ni karatasi 30, shilingi 3,000 kwa bei yako. Usiulize "umependa?", kila mtu atasema ndiyo. Uliza: hadithi gani hukuimaliza, na uliachia ukurasa wa ngapi? Swali la pili: zipange hadithi zote kuanzia 1. Weka tarehe ya mwisho, wiki tatu zinatosha, ukiweka miezi miwili wanasahau. Pokea na sauti za WhatsApp, ila ukizinakili mrudishie mtu asome kabla hujachapa.

Hesabu ni wastani wa nafasi, mtindo ambao jarida la Astounding chini ya mhariri John W. Campbell liliuanza mwaka 1938. Hadithi iliyopewa 1, 1, 2, 4 ina wastani wa 2. Iliyopewa 2, 2, 2, 1 ina 1.75, hiyo ndiyo imeshinda ingawa ya kwanza ina mashabiki wengi wa kufa na kuzikana. Ukiwa na majibu chini ya kumi usichapishe wastani, chapa kura zenyewe, maana mtu mmoja tu anaweza kupindua meza.

Na aliyeandika barua apewe toleo linalofuata bure. Kwenye fani hii barua ni malipo: unapata kijarida kwa barua, au kwa hadithi, au kwa kubadilishana na kijarida chako.

Fundi Saa
Sawa na kujibizana kwa mashairi kwenye gazeti la Mambo Leo enzi za mkoloni. Mtu anatupa shairi, mwingine anamjibu toleo la mbele. Yule kijana ajibu barua mwenyewe, asilindwe. Atoe maelezo kwamba nahodha na mkewe walikuwa wakitumiana sauti zilizorekodiwa, au akiri kakosea.

Ila nina swali. Umeuliza "kuipunguza kiasi gani". Umeshapunguza nini?

MwanaMirihi
Asanteni sana wakuu ! Nimetoa aya ya mwisho tu. Haihusu sayansi, ni mambo binafsi.

Fundi Saa
Binafsi ya nani?

Pini Mbili
Subirini kwanza. Mnapoteza nguvu, hii ni chai.

Moja: kurasa 22 na pini mgongoni haiwezekani. A4 moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Ni 20 au 24, hakuna 22 kwenye dunia hii. Aliyewahi kukunja kijarida hata kimoja hakosei hapo.

Mbili: someni alama za mleta uzi. Kabla ya "?" na "!" anaacha nafasi, kila mara. Sasa someni barua ya huyo wa Tanga. "Ulikuwa umelala ?" "Imeshapoa !" Nafasi ileile. Barua kajiandikia.

Kahawa Chungu
Chai yenye tangawizi. Naongeza kashata.

Maadili Kwanza
Vijana acheni kudanganya watu wazima. Mtu akizoea uongo kwenye jambo dogo…

Sanduku la Posta
Maelezo mengine yapo: kainakili kwa mkono wake kutoka daftari. Vidole vinaweka nafasi vilivyozoea. Hilo nalo ni kosa la uhariri, lakini si uongo. Mleta uzi, piga picha ya barua, ziba jina, weka hapa.

MwanaMirihi
Kurasa: jalada la mbele na la nyuma hatuyapi namba. Namba 1 inaanza nyuma ya jalada la mbele. Kwa hiyo 22 zenye namba na mbili zisizo na namba, karatasi sita. Pini Mbili unahukumu haraka.

Barua ipo, nimeinakili mwenyewe. Picha siweki, mwandiko wake unajulikana.

Na hiyo nafasi… ndicho alichoandika kwenye aya ya mwisho. Anasema barua tatu za toleo la tatu, ya Mbeya, ya Bukoba na ya Tanga, zote zina nafasi kabla ya alama ya kuuliza, na tahariri yangu pia.

Fundi Saa
Sasa tunaanza kupika. Na anakosea?

MwanaMirihi
Ya Tanga ni ya kweli. Ni yake yeye mwenyewe, ndiyo maana ameshtuka, anabaki na nakala ya kila anachoandika. Anasema yeye haachi nafasi hizo.

Ya Mbeya na ya Bukoba niliandika mimi. Lakini nieleweni ! Ukurasa wa barua ukiwa na barua moja unatia aibu, wengine hawatatuma. Nilitaka kuwachokoza. Kila mhariri anaanza hivyo. Na fotokopi nimeshatoa nakala 60, nimeshapiga na pini, bila aya ile. 72,000 imeshatoka. Nilichotaka kujua ni kama nukta tatu za mabano zinatosha.

Maadili Kwanza
Nilisema.

Bi Robo A4
Hazitoshi. Nukta zinasema "nimefupisha". Wewe umeondoa shitaka dhidi yako.

Barua moja haitii aibu. Ichape moja, chini yake weka mstari "Pia tuliandikiwa na:" kisha majina ya waliotuma hata sentensi mbili au sauti, kwa ruhusa yao. Ndivyo vijarida vya mashabiki vinavyofanya miaka yote, na mtu akiona jina lake kwenye mstari ule anaandika barua ndefu safari ijayo.

Gundi na Wino
Kubuni si jipya lakini. Terry Carr na wenzake California miaka ya 1950 walimbuni shabiki mzima, Carl Brandon, mtu mweusi, akawa anaandika kwenye vijarida na watu wakamwamini. Mwaka 1999 likaanzishwa shirika kwa jina lake, Carl Brandon Society, la kuwapa nafasi waandishi wasio Wazungu. Kwa hiyo mleta uzi…

Fundi Saa
Brandon alikuwa anachekesha, alikuwa na kazi yake mwenyewe. Hawa wa Mbeya na Bukoba walisema nini?

MwanaMirihi
Kwamba kijarida ni kizuri.

Kahawa Chungu
😂😂😂 Hata watu wa kubuni hawakupewa ukurasa wa kutaja.

Sanduku la Posta
Huyo wa Tanga usimpoteze. Harry Warner Jr. wa Hagerstown, Maryland, alipata tuzo ya Hugo, ile ya bunilizi za kisayansi, upande wa mwandishi wa mashabiki, mwaka 1969 na 1972, na jina lake lilijengwa sana na barua za maoni alizowatumia wahariri wa vijarida. Msomaji anayeweka nakala na kuhesabu dakika za redio ni wa aina hiyo. Umeshamwambia?

MwanaMirihi
Bado.

Pini Mbili
Naondoa neno chai kwenye kurasa 22. Kwenye mengine ninaliacha hadi nione picha.

Ila tufanye kazi. Barua iko kurasa za ngapi?

MwanaMirihi
19 na 20. Aya ya mwisho ilikuwa imalizie chini ya 20, sasa nimeweka picha ya roketi.

Pini Mbili
Kwa kuwa jalada hukulipa namba, ongeza moja kwa kila namba: 20 yako ni ukurasa wa 21 kati ya 24. Kwenye kijitabu cha 24, kurasa zinazolala upande mmoja wa karatasi jumla yake ni 25. 21 iko na 4, na nyuma yake kuna 22 na 3. Hiyo ni karatasi ya pili kutoka nje. Kwa namba zako: 2, 3, 20 na 21.

Toa roketi, rudisha aya, chini yake sentensi mbili ndani ya mabano mawili mawili: zile barua mbili niliandika mimi. Tosha. Usijieleze. Kisha toa upya karatasi hiyo moja kwa nakala 60: pande 120, shilingi 12,000. Zile 60 ambazo hujatoa hazikugharimu kitu.

Usiwaze kikaratasi cha masahihisho cha kuchomeka. Ni 3,000 tu kwa vipande 60 vya nusu A4, lakini kinadondoka nakala ya kwanza kutikiswa, na wewe unajua hilo, ndiyo maana utakipenda.

Kufungua pini: nyoosha miguu yake kwa ncha butu ya kisu kutoka katikati ya kijitabu, kisha sukuma itokee mgongoni. Ukiivuta kutoka mgongoni miguu ikiwa imekunjwa, inachana karatasi ya ndani.

Bi Robo A4
Na mpigie dada kabla ya kutoa kopi. Msomee aya yenyewe na majibu yako. Aya ni yake, anaweza asitake itoke.

MwanaMirihi
Akikataa ?

Bi Robo A4
Yake inabaki kwako. Sentensi zako mbili zinatoka palepale.

MwanaMirihi
Nimempigia. Amesema nichape yote na nisiguse alama zake. Kisha akauliza lile jambo la Mirihi nimelirekebisha au bado.

Nimefungua nakala 11 mpaka sasa. Tatu zimechanika tundu la chini. Nifanyeje ?

Pini Mbili
Pini mpya piga nusu sentimita juu ya tundu lililochanika, katika mkunjo uleule. Ikiwa mchaniko unafika hapo utakapopiga pini mpya, gandisha kipande cha karatasi nyembamba kwa ndani kwanza, gundi ikauke kabisa, ndipo upige. Na zile 60 zilizobaki, usipige pini hadi ukunje karatasi zote sita pamoja na kuzilaza chini ya kitu kizito usiku mmoja.

Kahawa Chungu
Na ile nafasi kabla ya alama ya kuuliza, mkuu?

MwanaMirihi
Ipi ?